Mlinzi Amelala

Chumba chetu kilikuwa cha pili kushoto ukiingia kwenye korido, na tulikaa humo watu saba. Baba na Mama walilala kitandani nyuma ya pazia la shuka kuukuu. Sisi watoto tulilala mkekani mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni pa yule. Mdogo wetu wa mwisho, tuliyemwita Redio kwa kulia, alilazwa kwenye beseni la kufulia lililotandikwa matambara. Kukicha mkeka unakunjwa, beseni linarudi kazini, na chumba kinakuwa sebule, stoo na jiko siku za mvua.

Ukuta kati yetu na jirani ulikuwa wa maboksi yaliyobandikwa magazeti kwa uji mzito wa unga. Haukufika juu kwenye bati. Upande wa pili alikaa Mlinzi, mzee aliyelinda ghala la magunia usiku kucha, akarudi alfajiri na rungu lake na tochi, macho mekundu kama pilipili. Kitanda chake kiliegemea maboksi yale yale yaliyoegemewa na kitanda cha Mama. Akijigeuza, sote tunajua.

Kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa na mazoea yake: jua likishatoka, watu wananong'ona. Hakuna aliyetuamuru. Mtu amekesha, lazima alale, basi. Fundi cherehani wa chumba cha mbele alikunja magunia akayatandika chini ya cherehani yake. Wanawake waligombania zamu ya choo kwa kunong'ona, wakinyoosheana vidole, na ukiwaona kwa mbali ungedhani wanaombeana dua. Lakini hodari kuliko wote alikuwa Dada, mkubwa wetu. Mifuniko ya sufuria aliiweka juu ya kitambaa, na ndoo ya maji aliitua kama anatua yai.

Sasa Dada akapata mchumba. Kijana fundi baiskeli, walijuana bombani, mpole, kucha nyeusi kwa grisi. Dada alimpenda mpaka akawa anasahau kutia chumvi. Ila kijana alilelewa na shangazi yake, muuza nyanya sokoni, na Shangazi asiporidhika, hakuna ndoa. Akatuma salamu kwamba Jumapili mchana atakuja kutuona tulivyo.

Mama alipiga deki mpaka sakafu ikakwaruzika, akabandika magazeti mapya. Fundi cherehani akatuazima viti viwili. Shangazi alipofika, kijana wake nyuma, alijaa mlango mzima, na hodi yake ilikuwa ya kuuzia nyanya.

"Karibu," Mama akanong'ona.

Kujisahau huko. Tulikuwa tumezoea mno hata hatusikii tena kwamba tunanong'ona. Shangazi akauliza habari za hapa, Baba akanong'ona kwamba ni nzuri. Akamuuliza Dada kama kazi za nyumbani anaziweza, Dada akainamisha kichwa akamnong'oneza kwamba anajitahidi. Nikamwona Shangazi anatazama pazia, kisha ukuta. Miaka ile kifua kikuu kilizunguka vyumba kama vyetu. Akikohoa mmoja, siku si nyingi chumba kizima kinakohoa, na watu walificha wagonjwa wao. Na hapo hapo, nyuma ya maboksi, kitanda kikalia, mtu akashusha pumzi ndefu.

"Huyo ni nani?"

"Amelala," Mama akanong'ona.

"Saa nane mchana?"

"Kila siku."

Shangazi akafunga mkoba wake. "Mama, mimi si mtoto. Mna mgonjwa wa kifua humu na mnanificha. Kijana huyu ndiye pekee niliyebaki naye." Akasimama.

Baba akakana kwa kunong'ona, Mama akaapa kwa kunong'ona, na kadiri walivyonong'ona ndivyo walivyozidi kuharibu. Fundi baiskeli alibaki anamtazama Dada tu. Sauti moja, kubwa, ya mtu mwenye mapafu yake mazima, ingemaliza shughuli. Dada akafungua mdomo. Nilimwona akivuta pumzi mpaka mabega yakapanda. Kisha akayatazama yale maboksi, akaiachia pumzi yote, akamfuata Shangazi mlangoni huku machozi yakimtoka.

"Shangazi, nisamehe," akanong'ona. "Siwezi kupaza sauti. Mzee wa hapo ametoka kazini asubuhi, na leo usiku anarudi tena."

Shangazi akamkazia macho. "Hata ukimkosa mume?"

Dada akaitikia kwa kichwa.

Ndipo ukuta ukasema.

"Jamani, mimi niko macho. Hodi ya huyo mama imewaamsha hata waliolala makaburini. Nimejibana hapa, hata kujikuna siwezi, nikaona nisije nikawavurugia mazungumzo."

Shangazi akajikuta ameketi tena. "Wewe ndiye mgonjwa?"

"Mgonjwa wa usingizi, mama. Na huyo binti kama humtaki tuachie sisi. Kwa ajili yake nalala kama mtu mwenye nyumba yake peke yake."

Kicheko kilianzia kwa Fundi cherehani, kikapita korido yote, chumba kwa chumba. Kumbe nyumba nzima ilikuwa imetega sikio. Shangazi alicheka wa mwisho, akacheka mpaka kiti cha watu kikalalamika. Akafuta macho kwa ncha ya khanga.

"Haya mwanangu, mzee yuko macho. Sema nikusikie. Unamtaka huyu na grisi zake?"

"Namtaka," alisema Dada. Sauti hiyo ya mchana hata sisi tulikuwa tumeisahau. Iligonga bati, ikamshtua Redio, naye akaanza vipindi vyake.

Shangazi akaweka kidole mdomoni. "Taratibu basi," akanong'ona, na huko kunong'ona kwake nadhani kulisikika mpaka bombani. "Tukamalizie nje. Mzee alale."

Tukabeba viti. Mama akatoka peku, viatu mkononi, kama kawaida yetu. Nikageuka nyuma. Shangazi alikuwa ameinama mlangoni, mwili mzima ule, anavua vyake.