Haki Ile Si Yako, Merrill

Merrill Haverkamp, mshauri wa rais, alikuwa amelikwepa swali lile lile tangu asubuhi, mpaka waandishi wa habari wakawa wanatamka jibu lake pamoja naye.

"Nani alimshauri rais acheleweshe misaada ya mafuriko Dorset Ferry?" aliuliza Mheshimiwa Olmstead, mwenyekiti wa kamati ya Bunge.

"Mheshimiwa, rais ana haki ya kushauriwa faraghani. Siwezi kusema."

"Kasuku aliyesomea sheria!" akasema Olmstead. Ukumbi ukaangua kicheko.

Merrill naye akatabasamu, tabasamu la mtu aliyejificha nyuma ya mgongo mpana. Haki ile ilikuwa na maana yake: mshauri akijua kila neno lake litaanikwa hadharani, atamwambia bosi matamu tu. Lakini yeye alisitiri nini? Si vita, si siri ya nchi. Alisitiri ulimi wake mwenyewe.

Wakati wa mapumziko dada yake Darlene, aliyetoka huko huko Dorset Ferry walikozaliwa, akamnyoosha tai.

"Jikaze, mdogo wangu. Rais wako katuacha majini, na wewe bado unamfunika! Mama anasema ukaidi huo umeurithi kwake. Miguu yake iliyoumia kwenye mafuriko ingekuwa imepona, angekuja kukuona."

Merrill akaitazama saa yake.

Waliporudi, wakili wa Ikulu akasimama. "Haki hii ni ya rais, si ya mshauri wake. Rais ameiachilia. Bwana Haverkamp yuko huru kujibu."

Huru! Merrill alijiona kama mtu aliyevuliwa taulo sokoni.

"Basi?" akasema Olmstead. "Ni nani?"

"Ni mimi."

"Ulimwambiaje?"

Sauti ilimtoka nyembamba. "Nilimwambia, wale hawakutupigia kura. Wasubiri kidogo."

Nyuma yake kiti kililia. Darlene alikuwa amesimama.

"Wale nani, Merrill?"

Mwenyekiti alinyanyua nyundo yake ya kutulizia watu, akamtazama Darlene, akaishusha taratibu. "Jibu, bwana. Kamati nayo ingependa kujua."

Merrill akamtupia jicho wakili wa Ikulu. Wakili alikuwa ameinama, anafunga mkoba wake.