Bei ya Mwisho ya Mchana

Maziwa yalipoharibika tena kwa sababu bodaboda aliyeitwa alfajiri alifika jua likiwa limeshakuwa kali, Noonkipa aliwamwagia mbwa, akaosha madumu, kisha akamwambia shemeji yake Lomayani kwamba anauza madume mawili ya ng'ombe anunue pikipiki.

"Nani ataiendesha?" Lomayani aliuliza.

"Mimi."

Lomayani hakubisha. Noonkipa alikuwa mjane wa kaka yake, mama wa watoto waliokwisha kujitegemea, na ndiye aliyekusanya maziwa ya maboma yote ya jirani na kuyapeleka kwa wenye hoteli za Chanika, mjini Handeni. Kiangazi chote alikuwa akijifunza kuendesha pikipiki kuukuu ya bwana mifugo, akizunguka lambo lililokauka huku mbuzi wakimkimbia. Leseni aliipata, akaitia kwenye kifuko cha shanga alichokivaa shingoni. Lomayani alidhani ameichukua kwa ajili ya picha tu, maana alitoka vizuri.

Ng'ombe waliuzwa mnadani. Ukoo ukaona si vema mwanamke atembee peke yake na fedha nyingi namna ile, basi Lomayani akavaa rubega mpya, akachukua fimbo yake, wakaenda wote wawili.

Duka la kwanza lilikuwa pale pale Chanika. Pikipiki zilipangwa barazani, nyekundu na nyeusi, matairi yake yana vinyweleo vya upya. Kijana muuzaji, Yordani, alitoka mbio akiwa amevaa viatu vinavyong'aa.

"Shikamoo mzee! Karibu sana mzee. Keti hapa kwenye feni."

"Marahaba," alisema Lomayani, akaketi.

Soda ikaja, moja. Noonkipa alibaki amesimama kwenye kizingiti, kama mtu aliyemsindikiza mgonjwa.

"Mzee unataka ya biashara au ya kutembelea?"

"Ni ya shemeji yangu huyu," Lomayani alisema.

"Safi sana! Unamnunulia shemeji. Wazee kama ninyi mmebaki wachache."

"Mimi simnunulii..."

"Nakuelewa, mzee. Tuanze na hii hapa."

Noonkipa akasogea. "Kijana, hii ikibeba madumu manne ya maziwa, nyuma haitalala?"

"Usiwe na wasiwasi, mama. Mzee nitamweleza yote." Akamgeukia Lomayani na kumweleza habari za injini kwa kirefu. Lomayani, ambaye maishani mwake hakuwahi hata kushika usukani wa baiskeli, alitikisa kichwa kwa hekima na kunywa soda.

"Bei yake?" Noonkipa aliuliza.

"Kwa mzee kama huyu," Yordani alimjibu Lomayani, "milioni tatu na laki mbili. Wengine nawauzia zaidi."

Noonkipa alinyoosha mkono akabana klachi, aone kama ni ngumu. Yordani akaruka.

"Taratibu mama! Hiyo siyo ng'ombe."

Noonkipa aliachia klachi. Feni ilizunguka.

"Kweli siyo ng'ombe," Noonkipa alisema. "Ng'ombe angekuwa ameshajua mwenye mali ni nani. Lomayani, maliza soda yako twende."

Lomayani aliimaliza polepole, kwa sababu ilikuwa ya baridi sana na kuiacha ingekuwa dhambi. Yordani alimfuata mpaka barabarani akimpunguzia laki moja, mara laki moja na nusu, bila kumtazama mwanamke aliyekuwa ameshatangulia stendi na fedha zote zikiwa zimefungwa kiunoni chini ya shuka.

Wakapanda gari la Korogwe. Noonkipa alikaa dirishani amekunja uso mpaka walipopita Sindeni. Hapo Lomayani akakohoa.

"Shemeji. Yule kijana hana adabu."

"Hana."

"Lakini soda yake ilikuwa nzuri."

Noonkipa alijitahidi kutocheka, akashindwa, na baada ya hapo safari ikawa nyepesi.

Korogwe, mtaa wa Manundu, waliuliza wakaelekezwa duka la Mama Glory. Jina lake lilikuwa Getruda. Babu yake alikuja zamani kukata mkonge kwenye mashamba ya huko, akazeekea hapo, na mjukuu akageukia pikipiki. Alikuwa mnene, mwepesi wa miguu, na shingoni alining'iniza kikokotoo kwa kamba. Aliwatazama wageni wake wote wawili, akaanza na Noonkipa.

"Takwenya!" alisalimia kwa Kimaasai chenye lafudhi ya ajabu.

"Iko," Noonkipa aliitikia, ameshtuka kidogo.

"Kimaasai changu kimeishia hapo. Karibuni. Nani anaendesha?"

"Mimi."

"Leseni unayo, mama?"

Noonkipa akafungua kifuko cha shanga. Getruda akaisoma leseni, akaitazama picha, akamtazama mwenyewe.

"Umetoka vizuri. Basi panda hii tuone kama miguu inafika chini."

Ya kwanza ilikuwa ndefu. Alisimama kwa ncha za vidole. Ya pili, nyekundu, alipoikalia nyayo zote mbili zilikanyaga sakafu, na kitu fulani kikatulia moyoni mwake. Getruda alimwita fundi wake, Kaleb, aweke mafuta kidogo. Noonkipa akapiga kiki, akatia gia, akatoka barazani, akapotelea nyuma ya soko.

Getruda alisubiri. Akaangalia barabara. Akamwangalia Lomayani.

"Atarudi, mzee wangu?"

"Huwa anarudi," Lomayani alisema. "Ila hapendi kuharakishwa."

Alirudi akitokea upande mwingine kabisa, kilemba kimekaa upande, anatabasamu mpaka magego. Akazima injini, akashuka, akaufuta uso wake kabla ya kusema lolote, maana anayejua kununua haonyeshi furaha yake dukani.

"Inatetemeka," alisema.

"Haitetemeki."

"Kidogo. Bei gani?"

"Milioni tatu na laki moja."

"Mbili na nusu."

Getruda alishika kifua. "Mbili na nusu? Kwa hiyo nikuuzie bila injini?"

"Injini ya kwangu niitoe wapi?"

"Basi lipia na ya kwangu, mama."

Viti viwili vikaletwa, wakakaa wakitazamana. Lomayani alipewa cha tatu, pembeni, na chai ya maziwa. Akaona raha kuwa mtazamaji. Getruda alibonyeza kikokotoo na kukigeuza ili Noonkipa aone. Noonkipa alikisukuma kwa kidole kimoja na kukirudisha. Alidai kofia ngumu mbili, akapewa moja. Alidai keria ya chuma ya kufungia madumu, akaambiwa ni fedha nyingine. Akasema basi na yeye fedha zake ni nyingine, akanyanyuka, akaenda mpaka ngazini, akarudi. Getruda hakumzuia wala hakumcheka. Alimpangusia kiti tu.

"Mbili na tisa," Getruda alisema mwishowe. "Faida sipati hata senti, na hiyo ni bei ya mwisho."

"Ya mwisho kabisa, au ya mwisho ya asubuhi?"

Kaleb aliangua kicheko kule nyuma, akajifanya anatafuta spana.

Hapo chakula kikaletwa kutoka kwa mama ntilie wa jirani: wali, maharage, mchicha. Getruda aliagiza sahani mbili zaidi. "Silumbani na mtu mwenye njaa," alisema, "na mimi nikiwa na njaa naharibu biashara. Tule kwanza."

Walikuwa katikati ya kula simu ilipolia. Getruda aliipokea kwa furaha, na furaha ikamtoka.

"Laki tatu? Mbuzi mmoja? Baba, mbuzi huyo anasoma chuo? ... Sikatai kwamba ni mkubwa. Hata mimi ni mkubwa... Nipunguzie. Mwanangu ndiye anaagwa Jumamosi, si wa jirani... Ya mwisho? Ya mwisho kabisa?"

Noonkipa alipaliwa na wali. Lomayani akampiga mgongoni. Getruda alikata simu, akaketi mikono kichwani. Akaeleza kwamba Glory, binti yake wa kwanza, alikuwa anafanyiwa sendofu, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, na ukweni walitoka Dindira, watu wa heshima, wanaotazama kila kitu. Ndafu alizoahidiwa, wale mbuzi wa kuchomwa wazima, zilishauzwa kwa mtu mwingine, na wauza mbuzi wote wa mjini wakajua ana shida.

"Unataka ndafu ngapi?" Noonkipa aliuliza.

"Mbili. Moja ya ukweni, moja ya wageni."

"Ninao waliohasiwa, wamenenepa mpaka wanatembea kama mabwana. Laki mbili kila mmoja."

Macho ya Getruda yaliwaka. Alivuta kiti. "Laki moja na ishirini."

"Laki moja na ishirini?" Noonkipa alishika kifua vilevile, kwa mkono uleule. "Kwa hiyo nikuuzie bila miguu?"

Sasa hata Lomayani aliweka kijiko chini. Getruda alicheka mpaka kikokotoo kikaruka kifuani, lakini bei hakuilegeza.

"Mbuzi wako anatetemeka," alisema akijifuta machozi.

"Hujamwona!"

"Kidogo lazima atetemeke. Laki moja na thelathini."

"Mama Glory, huyo nimemlea mwenyewe. Faida sipati hata senti."

"Hayo ni maneno yangu!"

"Nimeyanunua. Niambie bei yake."

Watu waliokuwa wakipita walianza kusimama barazani. Mzee mmoja muuza machungwa aliweka kikapu chake chini akasikiliza kama anasikiliza mpira redioni. Mwisho walifika mahali ambapo kila mmoja alilalamika kwamba ameumizwa, na hiyo ndiyo dalili: pikipiki kwa milioni mbili na laki sita, pamoja na mbuzi wawili kabla ya Jumamosi, Getruda aongeze kofia ya pili, keria, na tanki lijazwe mafuta.

"Na ukipotea na mbuzi wangu?" Getruda aliuliza.

"Nitapotelea wapi? Umeandika jina la duka lako kwenye mpira wa tope. Kila atakayenipita atajua nimeibia nani."

Wakapeana mikono. Fedha zikatolewa chini ya shuka, zikahesabiwa, zikafungiwa. Getruda akavaa miwani na kuvuta kompyuta.

"Kadi itoke kwa jina la nani?"

Swali hilo lilimkuta Noonkipa hajajiandaa. Ng'ombe aliowakamua maisha yake yote walikuwa na alama ya ukoo wa mumewe. Nyumba aliijenga kwa mikono yake, lakini ikaitwa ya mumewe, na baadaye ya wanawe. Alimtazama Lomayani, maana yeye ndiye aliyetumwa na ukoo, na alijua neno lake lingefika mbele ya wazee.

Lomayani aliweka kikombe chini. Akanyoosha fimbo kuelekea kwenye kompyuta.

"Andika Noonkipa," alisema. "Na uandike vizuri. Herufi o ziko mbili."

Noonkipa aligeuka upande wa barabara, akajifanya anaangalia milima. Ilimchukua muda kugeuka tena.

Safari ya kurudi ndiyo iliyompa Lomayani kazi. Kofia ngumu haikutaka kuingia juu ya masikio yenye mapambo, na fimbo alipoishika kwa upana ilizuia nusu ya barabara. Walipovuka daraja la mto Pangani alikuwa amefumba macho. Noonkipa alihisi vidole vyake vikimbana kiunoni.

"Unaomba?" alimpigia kelele.

"Naangalia njia!"

"Kwa macho yaliyofumbwa?"

Lakini barabara ilikuwa lami nzuri, upepo ulikuwa wa jioni, na pande zote mashamba ya mahindi yalikuwa mabichi. Walipofika Sindeni Lomayani alikuwa amefumbua jicho moja. Kufikia Misima alikuwa anaimba, zile nyimbo za vijana wanaporudisha ng'ombe, kwa sauti ya chini inayotoka tumboni, na bodaboda waliokutana nao walipiga honi. Chanika wakati wa kupita alimgonga begani: je, hawawezi kusimama kidogo kwa yule kijana wa viatu?

"Mafuta ni ghali," Noonkipa alisema, akaongeza mwendo.

Bomani wanawake walitoka wote. Mke wa mwanawe, Resian, alikuwa wa kwanza kudai kupakiwa, kisha jirani, kisha bibi mmoja aliyesema anataka kujua tu kwa nini watu wanapiga kelele. Noonkipa aliwazungusha mmoja mmoja kuzunguka zizi, taa ikimulika macho ya ng'ombe waliokuwa wakishangaa, shanga zikilia, mpaka mafuta ya Mama Glory yakakaribia kuisha na Lomayani akalazimika kuwakemea.

Mbuzi walifika Korogwe Ijumaa, mmoja mmoja, kila mmoja ndani ya tenga juu ya keria, akitazama dunia kwa dharau. Getruda aliwashika mgongo, akawashika mapaja, akasema ni wadogo. Noonkipa akasema basi anawarudisha. Getruda akamfungia mlango wa ua.

Jumamosi ukumbini, ndafu ya ukweni iliingia imesimama kwa miguu minne, mdomoni ina majani mabichi, shingoni shada la maua. Vigelegele vikapasuka. Mama mkwe kutoka Dindira aliisogelea, akaizunguka, akauliza kwa sauti mbuzi mzuri namna ile ametoka wapi. Getruda aliyekuwa amevaa kitenge cha dhahabu alimvuta Noonkipa mkono kutoka meza ya nyuma mpaka mbele, akamsimamisha kando ya Glory.

"Huyu hapa," alisema kwenye kipaza sauti. "Rafiki yangu wa Handeni. Ameniibia pikipiki."

"Na yeye ameniibia mbuzi," Noonkipa alijibu, na ukumbi wote ukacheka.

Muziki ukafunguliwa. Glory akamshika Noonkipa mkono mmoja, mama yake akashika wa pili, na mstari wa kucheza ukaanza kwenda mbele kwa kuyumba, shanga na dhahabu pamoja, huku Lomayani akiwapigia makofi kutoka kwenye kiti chake.