Mita Mbili Zilizohama

Chuma kiligonga chuma. Ngo, ngo, ngo, kisha kimya, kisha tena ngo, ngo. Dévote alikuwa ameinamia friza, vidole vimekufa ganzi kwa barafu, na hakuthubutu kuinuka. Jirani hubisha kwa kiganja. Anayebisha kwa chuma ana chuma mkononi, na katika Nyakabiga ya miaka ile ya vita hukukimbilia kumfungulia mtu wa namna hiyo.

"Nani?"

"Mutu wa umeme, mama! Fungua basi, jua inaniua."

Alichungulia kwenye ufa wa geti. Akaona kofia ya kazi, koleo, kalamu nyuma ya sikio. Akafungua. Tangu mtaa ulipoanza kuchafuka hakuna msoma mita aliyekanyaga pale. Ofisi ya umeme ilikuwa ikikadiria tu bili na kuituma. Kijana huyo aliinua macho ukutani, akaandika hesabu iliyokuwa kwenye mita, masikio yake yote yakiwa barabarani. Maji aliyopewa aliyakataa kwa adabu, akatoka kama aliyefukuzwa.

Bili ilipofika, Dévote alizisoma tarakimu zake akiwa amesimama, halafu akazisoma akiwa amekaa. Fedha iliyodaiwa ingenunua friza tatu na samaki wa kuzijaza. Chini yake paliandikwa kwamba isipolipwa kufikia Ijumaa, waya utakatwa.

Waya ukatwe! Mumewe, Anselme, alikuwa mpakuzi wa mizigo bandarini, lakini tangu nchi jirani zilipofunga mipaka kwa vikwazo bandari ilikuwa imelala, naye alirudi kila mchana mikono mitupu. Nyumba ilikula kutoka ndani ya friza ile. Dévote alinunua samaki wa mukeke ziwani, akawagandisha, akawauza polepole sokoni. Mtaji wote ulikuwa umelala humo, umekunja mikia. Umeme ukikatwa, jua moja tu lingetosha kuugeuza uvundo.

"Tumetumia umeme gani huu?" Anselme alifoka. "Tuna kiwanda hapa? We unayeyusha vyuma usiku, mi nikilala?"

"Baba Bella, usinipigie kelele mimi. Nenda kaipigie kontere."

Alisema hivyo kwa hasira tu, lakini neno kontere lilimfanya aitazame mita mwenyewe. Pembeni mwa kasha lake palikuwa na mchirizi wa rangi ya buluu. Ukuta huu ulikuwa mweupe tangu wahamie. Buluu ilikuwa ukuta wa mtaa wa Kinama, wa nyumba aliyoachiwa na baba yake. Na mzee ndiye aliyeupaka, akaichafua mita kwa brashi, akacheka.

"Anselme," alisema taratibu, "hii ni kontere yetu ya kule."

"Sasa ulitaka niiache? Ilikuwa kwa jina lako."

Ndipo wote wawili wakakumbuka ile siku. Mitaa ilikuwa imegawanyika: watu wa upande huu hawakuweza tena kulala Kinama, na wa upande ule hawakuweza kulala Nyakabiga. Basi wakabadilishana nyumba, kama wengi walivyofanya. Wao walibadilishana na fundi cherehani mmoja aitwaye Léonce, kwa mdomo tu, mpaka hali itulie. Kila mtu alibeba chake. Milango ilibebwa, madirisha, hata vitasa. Na kwa kuwa kila mmoja aliamini kwamba mita humfuata mwenye jina kama kitambulisho, karangamuntu, kinavyokaa mfukoni mwa mwenyewe, Anselme na Léonce waling'oa kila mmoja ya kwake, wakahama nazo zikiwa zimefungwa ndani ya mablanketi.

Asubuhi Dévote alipanga foleni mjini, kwenye ofisi ya umeme. Nyuma ya kioo alikaa karani aitwaye Maxime, tai imemkaba, jicho limechoka. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaweka kalamu chini.

"Munafanya nini nyinyi watu? Mulibeba makontere kama masufuria! Mji mzima!"

"Hatukujua."

"Kontere ni ya nyumba, madame. Nyumba haihami. Kwenye kitabu chetu, nyumba unayokaa ilikuwa na kontere mupya, hesabu ndogo. Kijana akakuta kontere yako ya kizee, hesabu kubwa. Tukatoa ndogo kwenye kubwa. Iliyobaki ndiyo unadaiwa."

"Basi mufute."

"Nifute kwa jina la nani? Soma hapo juu. Abone, mwenye kuandikiwa umeme, ni Léonce. Miaka yote hii unalipa kwa jina yake. Deni si lako, ni lake." Akainamia tundu la kioo, sauti ikashuka. "Lakini waya watakaoukata ni wako. Mulete yeye, muje wawili, kila mutu na hesabu ya kontere yake. Ijumaa. Ukikuja peke yako, mi sikujui."

Kumleta Léonce! Dévote alitoka nje. Kutoka Kinama hadi mjini palikuwa na vizuizi, na ng'ambo ya kila kizuizi palikuwa na vijana wanaouliza maswali kwa macho kabla ya mdomo. Hakuwa amemwona Léonce tangu siku ya kuhama. Hakujua kama yu hai.

Palibaki mahali pamoja ambapo watu wa pande zote walikutana bila kuulizana: Buyenzi, kwa Waislamu. Huko Waridi, mteja wake wa samaki, aliuza vitambaa, na mafundi cherehani wote wa mji walimjua. Dévote alimweleza yote.

"Léonce? Yuko," Waridi alisema. "Wiki iliyopita alikopa uzi hapa. Lakini dada yangu, amekasirika! Amekatiwa umeme mwezi sasa. Wanasema kontere yake imerudi nyuma, ati ameichezea. Naye anasema ni nyinyi mulimfanyia uchawi."

"Uchawi! Na mimi nilidhani ni yeye ameniibia umeme!"

"Wallahi, mumefaana. Nitamuambia akuje Ijumaa, na hesabu ya kontere yake. Kukuja au kutokukuja, hiyo mi siwezi kuapa."

Ijumaa Dévote alifika dukani kwa Waridi mapema. Anselme alitaka kumsindikiza, akamkatalia. Wanaume wawili wa pande mbili wakitembea pamoja, watu huuliza. Mwanamke akitembea na mwanamume, watu hudhani ni mtu na mkewe, huwaonea huruma na kuwaacha. Alikaa juu ya furushi la vitambaa. Kila aliyepita mlangoni alimshtua moyo. Jua likapanda. Aliwaza friza, akawaza Bella akiomba chakula, akawaza mwili wa fundi cherehani kando ya barabara kwa sababu ya bili ya umeme.

"Mama Bella."

Alikuwa yeye, amekonda, shati limepigwa pasi ya mkaa, macho hayatulii.

"Baba Kelly! Umekuja."

"Nimekuja kukutukana," Léonce alisema. "Halafu nikakumbuka njiani kwamba mi ndiye nilimushikia Anselme ngazi aking'oa kontere."

Waridi alicheka peke yake. Akamtwika Dévote kikapu kichwani. "Tembeeni. Na mugombane njiani, ndiyo watu wataamini mumeoana."

Waligombana kweli. Walipokaribia Jabe, vijana watatu walikuwa wamekalia matairi, na mmoja akainuka. Dévote alihisi Léonce akipunguza mwendo. Huu ulikuwa ukingo wa Nyakabiga, mtaa wake wa zamani. Uso mmoja tu wa kumkumbuka ungetosha.

"Ndiyo, simama!" Dévote akampigia kelele. "Simama upumzike! Mi nabeba kikapu, we unabeba mikono! Mama yako alinidanganya, aliniambia ananipa mwanamume!"

Yule kijana alikenua meno. "Pole, muzee," akamwambia Léonce, akakaa tena.

Walikaza mwendo hadi mjini. Jasho lilikuwa limelowesha mgongo wa shati la Léonce lote.

Maxime aliwatazama kupitia kioo, akazitazama hesabu za mita zote mbili, akaandika, akatoa, akajumlisha. Hatimaye akaguna.

"Inatoka sawa. Madame, deni linakufa. Na we, mzee, umeme unarudishwa kesho. Lakini nikiacha hivi mwaka kesho mutarudi hapa kulia tena. Tunabadilisha majina. Nyumba ya Nyakabiga, abone Dévote. Nyumba ya Kinama, abone Léonce. Muweke sahihi."

Dévote aliweka yake haraka, bila kufikiri. Kisha akageuka. Léonce alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi, na kalamu haikushuka.

"Mi nilijenga nyumba ile," alisema. "Kila tofali. Mulango ule aliingilia mutoto wangu wa kwanza, na kwa mulango uleule likatoka jeneza la mama. Hatukuandikiana kitu, mama Bella. Karatasi pekee yenye jina langu pale ni bili ya umeme. Leo naifuta kwa mukono wangu?"

"Baba Kelly, wanakata leo."

"Najua."

"Samaki wangu..."

"Najua! Na mimi nashona kwa mushumaa, macho yanakufa. Najua yote. Lakini vita ikiisha, nikibisha kwako, utaniambia nini? Utanionyesha karatasi hii?"

Nyuma yao foleni ilikuwa imesogea karibu. Watu wa kila mtaa walikuwa mle, wa upande huu na wa upande ule, na wote walikuwa wakisikiliza huku wakijifanya wanatazama viatu vyao. Maxime aliigusa saa yake. Dévote alitamani kumjibu kwa kunong'ona. Maneno kama hayo hayakusemwa hadharani. Kulikuwa na watu Nyakabiga ambao wangemuuliza kwa nini anamtunzia nyumba mtu wa kule. Alimtazama mwanamume yule aliyevuka mji mzima na shati lake la pasi. Akauona ukuta wa buluu wa baba yake, akaona kwamba nao uko mikononi mwa mtu huyuhuyu.

Léonce aliteremsha kalamu mpaka ncha ikagusa karatasi, akaiacha hapo.

"Sema," alisema. "Na usiseme polepole."

Dévote aliteremsha kikapu kichwani, akakiweka sakafuni, akageuka ili foleni nzima imwone uso.

"Mimi ni Dévote, nakaa Nyakabiga, ndani ya nyumba ya Léonce huyu," alisema, na sauti yake ikafika mlangoni. "Siku utakayokuja kubisha, baba Kelly, hata ukibisha kwa chuma, nitakufungulia, nitakupa ufunguo mkononi siku hiyohiyo, na utaikuta nyumba yako taa zikiwaka."