Aliyesaini Apande Kwanza

Siku Rais wa Chama chetu cha Wahandisi alipotangaza kwamba nchi iko tayari kujenga kinu cha nyuklia, lifti ya makao makuu yetu ilikuwa inatimiza mwaka wa tatu tangu ife. Tulimsikiliza tukiwa ukumbini, ghorofa ya saba, huku tukihema. Wengine walikuwa bado ngazini.

Nijieleze kabisa, maana najua nitakavyosemwa. Mimi ni mhandisi wa mitambo, nimesajiliwa kukagua lifti, na wakati huo nilikuwa Katibu wa Ufundi wa Chama. Sina ugomvi na nyuklia. Nimeisoma, nimeielewa, na ukiniuliza nitakwambia kwamba ingetufaa. Atomu haijawahi kunidanganya. Walionidanganya wote wana shahada ya uhandisi.

Lifti niliifunga mimi. Breki yake ilikuwa imelika hadi kwenye chuma, nikabandika mlangoni karatasi yenye saini na muhuri wangu: HAIRUHUSIWI KUTUMIKA. Breki mpya niliiomba wiki hiyo hiyo. Ombi likaenda Kamati ya Majengo, Kamati ya Majengo ikaunda kamati ndogo, kamati ndogo ikataka maoni ya mtaalamu, na mtaalamu aliyeombwa maoni alikuwa mimi. Nikaandika kwamba breki imelika. Wakanishukuru kwa mchango wangu na kunipigia makofi. Miaka mitatu ikapita hivyo, na sisi ndio watu ambao daraja likianguka tunaitwa redioni kueleza umuhimu wa matengenezo.

Nyuklia ilituingia ghafla. Kampuni moja ya mbali inayouza vinu iliwaalika viongozi wetu wakajionee. Walikaa siku saba. Kinu chenyewe walikiona kwa dakika arobaini kupitia dirisha la basi, kwa sababu za usalama, na siku zilizobaki waliona mahoteli. Walirudi na kofia za bluu zenye picha ya atomu, na kuanzia hapo Rais hakuivua yake hata kwenye misiba. Kamati ya Maji ikavunjwa, Kamati ya Barabara ikavunjwa, wote tukahamishiwa Kamati ya Ushawishi wa Nyuklia. Kazi yetu ikawa kuwatembelea wabunge na kuwaambia kwamba sayansi imeshaamua.

Tuliandika Tamko la Wahandisi, kurasa arobaini. Mimi nilipewa ukurasa mmoja, nikauandika kwa moyo wangu wote. Uliuliza nani atakitunza hicho kinu miaka kumi baada ya utepe kukatwa: mafundi wangapi, wamesomea wapi, spea zitatoka wapi, na nani mwenye mamlaka ya kukizima bila kuomba ruhusa kwa mtu. Rais akaniita.

"Dada, ukurasa wako ni mzuri," akasema. "Lakini unaleta huzuni."

Akautoa, mahali pake akaweka picha ya watoto wakikimbia kwenye majani mabichi.

Basi, Kamati ya Nishati ya Bunge ikakubali kuja kutusikiliza. Wajumbe tisa. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mtu mzima, mwalimu wa zamani, mwenye goti bovu na fimbo ambayo aliigonga mezani alipochoshwa na maneno. Wenzake walimwita Mama Mkongojo, akiwepo na asipokuwepo. Mama huyu hapandi ngazi. Nikapendekeza tukutane chini, kwenye mapokezi, tupange viti. Rais akaniangalia kama niliyemtukania mzazi. Juu ndiko kuliko na skrini kubwa, mapazia, na picha za marais wote wa Chama pamoja na yake, ambayo ilikuwa kubwa kidogo kuliko nyingine. Aliletwa fundi wa rangi. Lifti ikapakwa rangi ya fedha, ndani na nje, ikanukia vizuri sana.

Kisha Rais akasukuma karatasi mbele yangu.

"Cheti cha usalama. Weka saini na muhuri."

"Breki imelika, Rais."

"Ni siku moja tu."

"Breki haijui kuhesabu siku."

Akacheka ile sauti anayotumia kwa wafadhili. Akaanza kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: mimi ni mwanamke wa mfano, mimi ni hazina ya Chama. Aliponiona sitingishiki, akakumbuka kwa sauti kwamba Katibu wa Ufundi huteuliwa na Rais, na uteuzi wangu unaisha mwisho wa mwezi.

"Fikiria vizuri," akasema. "Usije ukamwaga unga kwa ajili ya breki."

Jumapili nikaenda kwa Baba. Hapa inabidi nieleze, kwa sababu muhuri kwetu si kipande cha mpira na mpini. Baba naye alikuwa mhandisi wa lifti. Miaka thelathini iliyopita alisaini cheti cha lifti ya jengo fulani la ofisi kwa sababu mkubwa wake alikuwa na wageni na alikuwa na haraka. Wageni wakaingia, Baba akabaki nje na kalamu yake mkononi. Chama kikamnyang'anya muhuri, kisha kikatunga kanuni ya kumi na saba: aliyesaini cheti cha lifti apande kwanza, peke yake, mbele ya mashahidi, na arudi salama ndipo wengine waingie. Sisi wa lifti tunaiita Kanuni ya Mzee. Wengi hawajui kwamba mzee mwenyewe yupo hai na anamwagilia maua nyuma ya nyumba.

Siku ile ya wageni hajawahi kunisimulia. Sikujua walikuwa wangapi wala walipona wangapi. Mama alinikataza kuuliza, na alipofariki lile katazo likabaki ndani ya nyumba. Lakini lifti alinifundisha. Nikiwa darasa la tano alitundika kamba juu ya boriti, upande huu mfuko wa mchele, upande ule mwingine. Akaniambia lifti haining'inii peke yake, upande wa pili wa kamba kuna uzito wa chuma unaoisawazisha. Breki ikishindwa, kizito ndicho kinachoshuka. Ukiwa peke yako ndani, ule uzito unakuzidi, unashuka, na wewe unapaa. Mkijaa ndani, nyinyi ndio mnaouzidi, nyinyi ndio mnaoshuka. Kisha akapakua vikombe vya mchele upande mmoja, nikaona mwenyewe.

Muhuri wangu ulipotoka aliushika, akaugeuza, akanirudishia. Ni muhuri pekee uliobaki katika ukoo wetu.

"Umesaini?" akaniuliza Jumapili ile, nilipokwisha kumweleza.

"Sijasaini."

"Watakufukuza."

"Najua, Baba."

Akamaliza mstari wa maua. "Mchele upo," akasema.

Siku ya ugeni nilifika mapema. Kwenye meza ya mlinzi nikakuta cheti kimeshasainiwa, kimepigwa muhuri, tena kimewekwa kwenye fremu. Saini ilikuwa ya Rais. Yeye ni mhandisi wa umeme, mara ya mwisho kushika bisibisi tulikuwa tunatumia kanda za kaseti, lakini kwa cheo chake hakuna wa kumuuliza. Nikapanda ghorofa saba hadi chumba cha mashine kuzima umeme wa lifti, nikakuta mlango umebadilishwa kufuli. Nikashuka nikiwa na hasira hadi masikio yanawaka.

Wageni walikuwa wameshafika. Wote tisa wamevalishwa kofia za bluu isipokuwa Mama Mkongojo, ambaye yake aliitumia kujipepea. Kibao cha lifti kilisema watu kumi. Rais akafungua mikono.

"Waheshimiwa, karibuni. Lifti yetu imefanyiwa matengenezo makubwa. Mtaenea wote kwa mkupuo mmoja."

Nikasimama mbele ya mlango. "Breki ya lifti hii imelika," nikasema. "Mimi ndiye mkaguzi. Sijaipitisha."

Rais akacheka. "Huyu ni Katibu wetu. Mwoga kidogo, lakini mchapakazi."

Mama Mkongojo akaigonga fimbo sakafuni. "Nani aliyeipitisha?"

Aliyejibu ni mlinzi. Huyu mzee amekaa kwenye ile meza miaka ishirini na mbili, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyempa kitu cha kusoma isipokuwa kitabu cha kanuni za Chama. Anakijua chote. Alisimama, akafungua daftari la lifti, akakohoa.

"Aliyepitisha ni Rais, kwa saini yake. Kwa hiyo, kanuni ya kumi na saba. Aliyesaini apande kwanza, peke yake. Akirudi ndipo wageni. Rais, weka jina hapa."

"Mzee, hizo ni taratibu za ndani."

"Ndiyo. Na hapa ni ndani."

Mbunge mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Rais akatutazama mmoja mmoja. Ningeweza kusema nilifurahi, na kwa sehemu fulani nilifurahi, lakini hofu ilikuwa kubwa zaidi. Nikamsogelea.

"Usipande," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Sema unaumwa tumbo. Tutapanga viti hapa hapa."

Nadhani kama ningelikuwa mtu mwingine angekubali. Akaweka jina kwenye daftari, akanyoosha kofia, akaingia, akabonyeza saba. Mlango ukafungwa.

Namba juu ya mlango zikaanza kubadilika. Mbili, tatu, nne, vizuri tu. Rais alikuwa mtu mmoja, mwembamba kwa umbo, mnene kwa sifa. Tano. Sita. Saba ikawaka, na pale ilipotakiwa kusimama haikusimama. Tukasikia kishindo chini ya miguu yetu, ule uzito wa chuma umetua shimoni, na huko juu kabisa kishindo kingine kidogo.

Simu ya dharura ikalia mezani. Mlinzi akaiweka kwenye spika.

"Waheshimiwa," ikasema sauti ya Rais, ikitetemeka kidogo, "msiwe na wasiwasi. Hali imedhibitiwa."

"Uko wapi?" akauliza Mama Mkongojo.

"Juu."

"Juu wapi?"

"Juu ya saba."

Jengo letu halina ya nane. Na hapo, Mungu ni shahidi, akaanza hotuba. Nilikuwa nimeshashika ngazi lakini niliisikia hadi ghorofa ya pili: kwamba kinu cha kisasa kina mifumo mitatu ya usalama, kila mmoja unajitegemea, na uwezekano wa yote mitatu kushindwa kwa pamoja ni mdogo mno. Kisha, kwa sauti nyingine kabisa, "Kuna mtu anakuja?"

Nilifungua mlango wa ghorofa ya saba kwa ufunguo wangu wa ukaguzi. Sakafu ya lifti ilikuwa usawa wa kiuno changu. Rais alikuwa amekaa chini, amepakata kofia, rangi ya fedha imemganda kwenye suti mgongoni. Hakuumia. Nikampa mkono, akateremka, na kabla hata hajasema asante akasema, "Andika kwamba lilikuwa zoezi la usalama. Weka muhuri wako."

Niliandika. Nilikaa kwenye kiti cha mbele ukumbini, chini ya picha yake, nikageuza Tamko la Wahandisi upande usio na maandishi. Nikaandika mistari mitano: breki ilikuwaje, ilijulikana lini, nani aliambiwa, nani alisaini, nini kimetokea. Nikatoa muhuri kwenye pochi nikaupiga. Nikaambatanisha na nakala ya ule ukurasa wangu wenye huzuni, nikashuka ghorofa saba, nikamkabidhi Mama Mkongojo mkononi.

Alisoma polepole, akisogeza karatasi mbali na macho. Akasoma na ukurasa wa pili.

"Hicho kinu," akauliza, "nacho mtakipaka rangi?"

Akakunja karatasi zote, akazitia kwenye mkoba, akaomba gari lake lisogezwe.

Gazeti la kesho yake lilisema wahandisi wamewaonyesha wabunge mfumo wa usalama kwa vitendo. Barua yangu ilifika mchana: natenguliwa kwa kutumia muhuri bila idhini ya ofisi. Iliandikwa vizuri, bila kosa hata moja, ni kazi ya kamati.

Nikaenda kwa Baba nikiwa na boksi la vitu vyangu. Nikaweka muhuri mezani. Akauangalia kwanza wino wake, kama ni mbichi.

"Umeutumia."

"Kwenye taarifa. Lifti iliondoka, Baba. Breki haikushika."

Akavuta kiti, akakaa. "Ndani walikuwa wangapi?"

"Mmoja. Aliyesaini."

"Basi alipaa."

"Alipaa. Hakuumia."

Akaitikia kwa kichwa, mara kadhaa, mikono yake miwili ikiwa juu ya meza. Nikadhani yameisha. Nikainuka kwenda kubandika maji ya wali.

"Mimi wangu walikuwa tisa," akasema.