Murdo Geddes na Mbwa Aliyezoea Ngurumo

Bonde zima lilimjua Murdo Geddes kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Akikaripia mbwa kule mlima wa nyuma, walioko jikoni huku chini waliacha kumenya viazi wakasikiliza. Kusifu hakujua. Mbwa akimshushia kundi zima la kondoo mpaka zizini bila hata mmoja kuvunjika mguu, aliambiwa "basi", na alitakiwa ashukuru. Wachungaji wa mkoa huo wa Otago hujivunia ubahili huo wa maneno, na Murdo alikuwa bahili kuliko wote.

Kisha uvimbe ukaota kooni mwake. Madaktari wa mjini Dunedin wakauondoa, na sauti ikaenda nao. Akabaki na mnong'ono wa mtu aliyechelewa kanisani. Kipenga cha bati cha kuwaongozea mbwa alikuwa nacho bado, akakipuliza kama zamani, akadhani mambo yatakwenda kama zamani.

Mbwa wake Kip, dume jeusi lenye kifua cheupe, hakukawia kuling'amua jambo. Kipenga cha kumlaza kikilia, alilala, ila kwa kujikokota. Baadaye akawa anageuza kichwa na kungoja ile ngurumo iliyozoea kufuata. Haikuja. Akaendelea na mambo yake, akawafukuza kondoo anavyotaka na kuwanyofoa manyoya. Kumbe miaka yote hiyo hakuwa akikitii kipenga. Alikuwa akiogopa kinachokuja baada ya kipenga.

Tipene, mkuu wa wachungaji, alifundishwa kazi na Murdo mwenyewe, kwa hiyo alilisema lake huku akitazama buti zake. Nyumba anayokaa mzee ni ya mchungaji mwenye kazi. Kondoo wangeshushwa kabla ya theluji, na Kip akivuruga tena siku hiyo, Murdo angefunga virago akakae mjini kwa bintiye. Murdo aliitikia kwa kichwa. Aliogopa, na hofu hiyo hakumwonyesha mtu.

Binti huyo, Rhona, aliishi kwa kuwafundisha mbwa wa mjini kuketi na kutoa mkono, kazi ambayo babake hakuwahi kuiita kazi. Alikuja Jumapili na kopo la maini ya kuchemsha.

"Baba, umeshawahi hata siku moja kumwambia huyu mbwa amefanya vizuri?"

"Anajua," Murdo akanong'ona.

"Atajulia wapi? Hata mimi sikuwahi kujua."

Murdo akalichukua kopo.

Basi aliyeokoka ukubwani huimba kuliko kwaya nzima. Murdo akaanza kugawa maini kama bwana harusi. Kip akilala, ini. Akiamka, ini. Akichelewa, ini la kumbembeleza. Kumkaripia aliacha kabisa, maana alijiona hana cha kukaripia nacho. Hazikupita wiki mbili, Kip akawaacha kondoo katikati ya malisho, akaja kuketi mbele ya mzee na mguu mmoja juu.

"Mzee, huyo mbwa au mgeni wa harusi?" Tipene akauliza, na wenzake wakacheka mpaka wakashika magoti.

Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na hilo Murdo alilijua zamani. Tatizo lake ni kwamba alijua hilo tu, na sasa amelisahau hilo pia.

Siku ya kushusha kondoo ilikucha na ukungu, ukaondoka kabla ya chai ya saa nne. Sehemu ya Murdo ilikuwa bapa la majani juu ya korongo. Kip alitumwa azunguke, akazunguka vizuri. Akapulizwa alale, hakulala. Aliingia moja kwa moja, akamng'ata kondoo jike paja, na kundi likarudi nyuma kwa mkupuo mpaka waliokuwa mwisho wakawa wanakanyaga changarawe za ukingoni. Kutoka mlima wa pili Tipene aliona yote. Kukimbia kusingesaidia, akasimama tu na kutazama.

Murdo alipanda pole pole, asiwashtue kondoo. Fimbo mkononi, maini mfukoni. Kip alipomwona akajilaza chini, masikio nyuma, macho nusu, maana fimbo aliikumbuka. Murdo aliitupa majanini. Mfukoni pia hakutia mkono. Alikwenda akasimama kati ya mbwa na kondoo, akawapa kondoo mgongo.

Kip akainuka aende kulia. Murdo akahamia kulia. Akaenda kushoto, mzee akawa huko. Mbwa akalia kwa uchungu, kwani kwake kipigo ni kitu cha kupita, lakini kunyimwa kondoo anaowaona ni msiba. Murdo alisimama bila kutoa hata mnong'ono. Nyuma yake kwato zilitulia, wale wa ukingoni wakasogea ndani kidogo. Hatimaye Kip akalala, kidevu chini, akashusha pumzi. Hakutazama mfuko wala fimbo ilipoangukia. Alimtazama Murdo.

Hapo mzee akasogea pembeni na kumrudishia kazi yake.

Kip alizunguka mbali, karibu na ukingo, taratibu, kipenga kikimsimamisha na yeye akisimama. Kondoo waliondoka ukingoni mmoja mmoja, kisha wote, wakateremka njia ya bonde hadi zizini. Lango alilishika Rhona, ambaye alikuja na gari la kubebea vitu vya babake. Alilifunga kwa wakati wake, wala hakutoroka kondoo.

Tipene alipita karibu. "Gari hilo lirudi tupu, mzee," akasema, akaenda zake kabla hajashukuriwa.

Murdo alipiga magoti, akamshika Kip kichwa, akamnong'oneza sikioni kwamba leo amefanya kazi nzuri. Mara moja tu, wala hakumpa ini. Mbwa alitikisa mkia mara chache, akaenda kunywa maji. Mzee akainuka kwa kushikilia lango, akamkuta Rhona upande wa pili anamtazama.

"Na wewe pia," akanong'ona. "Umefanya vizuri."

"Sijasikia, baba," Rhona akasema, ingawa alikuwa amesikia.

Murdo akasogea karibu, akarudia.