Jina la Baba Vitambaa

Mwaka 1998 hakuna aliyechapa Kigujarati mjini Meru, na mimi Karimi nilichoka kuambiwa kwamba haiwezekani.

Mama Savita, mjane wa mwenye duka la vitambaa lililopakana na chumba changu cha uchapaji, alitaka kadi ya kumbukumbu ya mumewe, yenye sala na jina lake kwa Kigujarati. Kiingereza hakujua kusoma. "Hii kadi naweka nyumbani kwangu," aliniambia. "Kama mimi siwezi soma, ni ya nani?"

Muchangi, mshirika wangu, akacheka. "Si uandike tu na Kingereza umalizane na yeye?" Nikamtupia jicho analolijua. Kesho yake akaniletea disketi kutoka kwa binamu yake wa chuo kikuu. Ndani mlikuwa na fonti ya Kigujarati, ya bure, iliyotolewa kwenye intaneti. Maelekezo hayakuwemo. Nikabonyeza kila kitufe na kuchapa kilichotokea, huku Mama Savita amekaa kando yangu akinitajia sauti ya kila umbo. Sala ikakaa vizuri, tukafurahi mno.

Tukafika kwenye jina. "Mama, mzee aliitwa nani hasa?" Hata wakulima wa Githongo walimjua kama Baba Vitambaa, basi.

Akavuta karatasi. Kwao mke hatamki jina la mumewe, hata akishafariki. Akaliandika kwa kalamu. Herufi ya kwanza na ya mwisho nilizipata. Ya katikati haikuwemo kwenye fonti, nilitafuta mpaka macho yakaniuma.

"Iruke," akasema Muchangi. Niruke jina la mtu kwenye kadi yake mwenyewe? Nilikasirika kwelikweli.

"Mama, hii inasomwaje?"

"Iko neno ingine nayo. *Gnaan*. Maana yake maarifa."

Nikaupunguza mwandiko wake kwa fotokopi mpaka ukalingana na fonti, nikaikata herufi hiyo kwa wembe na kuibandika katikati ya wenzake. Kisha nikachapa kadi moja, nikampa aikague.

Akasoma sala yote kwa sauti. Kwenye jina akasimama. Mimi nilitaka uhakika kabla ya kuchapa zingine, kwa hiyo nikaweka kidole chini ya herufi, nikasoma mwenyewe polepole kama mtoto wa nasari.

"Ya... gne... sh. Yagnesh."

Mama Savita akajifunika uso kwa ncha ya sari.

"Sema tena," akaniambia.