Kadi Huandikwa Mlangoni

Siku nne kabla ya sikukuu, saa nane mchana, mwanamume aliyevaa shati la udereva aliingia katika duka la vifaa vya umeme akiwa na orodha aliyoiandika nyuma ya risiti ya mafuta. Alitaka simu ya baba yake, yenye namba kubwa kubwa na tochi. Dada wa kaunta alimtolea tatu. Alichagua ya pili. Dada akatia betri, akawasha tochi kwenye kiganja chake, akaipigia mpaka ikalia, akagonga muhuri kwenye kadi ya waranti, kisha akaifunga kwa karatasi yenye nyota.

"Nipe kalamu niandike kadi," alisema dereva.

"Siyo hapa, kaka. Kadi tunaandikia mlangoni."

"Kwa nini?"

"Kioo hiki cha kaunta ni cha tatu mwaka huu."

Mlangoni alisimama mbebaji wa duka, mtu wa miaka hamsini na kitu, ambaye kwa mwendo wake walimwita Mzee Taratibu. Dada aliweka zawadi katikati ya toroli.

"Mzee wako ulimwona lini mara ya mwisho?"

Dereva aliangalia dari. "Tuseme miaka minne. Mitano hivi."

"Mzee Taratibu, mfuko mmoja wa saruji. Weka na nusu."

Dereva aliandika *Kwa Baba*, akapachika kadi chini ya utepe. Toroli ikashuka juu ya matairi yake na kutoa sauti kama ya mtu mnene anayekaa kwenye kiti kikuukuu. Dereva alijaribu kuinua ile simu kwa mkono mmoja, halafu kwa miwili.

"Mfuko na nusu kweli," alisema.

"Si nimekwambia," alijibu dada, na kurudi kaunta, ambako watu tisa walikuwa wakimngoja.

Mambo yalikuwa hivyo, na hakuna aliyeyashangaa. Zawadi ilibeba uzito wa kile kilichopungua kati ya mtoaji na mpokeaji, na haikuubeba mpaka jina la mpokeaji liandikwe. Kabla ya hapo redio ilikuwa redio na pasi ilikuwa pasi. Mwalimu mmoja alimnunulia televisheni jirani yake, ambaye walikuwa wakikaa pamoja kila jioni kuchambua mboga. Akatoka nayo ameibana kwapani kama gazeti. Siku hiyohiyo mwanamume mwenye suti alinunua visikizi, vile vidogo vya kuchomeka masikioni, kwa ajili ya mke wake.

"Sisi tunaishi nyumba moja," alisema kwa majivuno, akakataa toroli, akaandikia kadi kiganjani.

Ilibidi wamkalishe na kumfunga mkono kwa kitambaa. Mzee Taratibu na wabebaji wawili wakavipeleka visikizi kwenye gari, nalo likaondoka pua juu, matako chini.

"Nyumba moja," alisema Mzee Taratibu akijifuta jasho. "Labda ni kubwa."

Wapo waliodhani kitu kidogo kingewapa nafuu, wakanunua flashi au waya wa chaja. Uzito haukuangalia ukubwa. Wengine walipoona simu imewashinda kuinua, walirudi ndani kuongeza spika, na baada ya spika, blenda. Hao ndio waliomfurahisha mwenye duka, mama mfupi mwenye sauti ya chini, ambaye wafanyakazi walimwita Mama Risiti kwa sababu hata ukimpa habari ya msiba aliuliza karatasi iko wapi. Alikuwa ameshaimarisha sakafu kwa nondo, na ameagiza toroli zenye matairi ya lori.

Dada wa kaunta walimwita Mizani. Alikuwa na elimu ya shule ya msingi tu na hakuna aliyemfundisha kupima. Alikuwa na subira ya kutazama. Aligundua kwamba mteja anayeangalia juu bado anahesabu miaka, na anayeangalia chini alishaihesabu kabla hajatoka nyumbani. Tangu aanze kazi alikuwa amekosea mara mbili, na mara zote mteja ndiye aliyedanganya.

Naye alikuwa na mtoto wa kike wa miaka saba. Alimwacha kwa bibi yake akiwa na minne, kwa makubaliano kwamba angerudi kila sikukuu. Sikukuu ya kwanza duka lilikuwa limejaa. Ya pili lilijaa zaidi. Mwaka ule wa kwanza mtoto alikuwa akilia kwenye simu mpaka salio linakwisha. Mwaka wa pili alikuwa akisimulia: paka kazaa, jino limeng'oka, mwalimu kanisifu. Mwaka huu alikuwa akisema, "Shikamoo, sijambo, bibi huyu hapa," na simu inahamia mkono mwingine.

Mwezi mzima Mizani alikuwa akitafuta saa nzuri ya kumwingia Mama Risiti. Saa hiyo haikupatikana, akaenda tu.

"Siku mbili, bosi. Niende, nilale, nirudi."

"Ukienda wewe nani atanipimia?"

"Mzee Taratibu anajua."

"Anajua mgongo wake. Mwaka jana ulipougua homa, siku moja tu, nilivunjikiwa kaunta mbili na mguu wa mteja."

"Mwaka jana ulisema mwaka huu nitaenda."

"Na sasa nasema mwakani. Umewahi kuniona nabadilisha neno?"

Keshia wa duka, aliyekuwa akisikiliza, alijifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, Mizani alisimama upande wa wateja na kuangalia rafu. Kwa muda wa wiki tatu alikuwa amewachagulia watu wasiopungua mia tatu. Aliwauliza maswali yake ya kila siku kuhusu mpokeaji: macho yake yanaona vizuri, anapenda mpira au nyimbo, ana haraka au mpole, na jibu la tatu lilipokuja mkono wake ulikuwa tayari juu ya boksi. Sasa alijiuliza maswali yaleyale. Anapenda bata, alijijibu, halafu akakumbuka kwamba anayependa bata ni mtoto wa miaka minne. Alishusha visikizi vya watoto, akanyanyua mikono hewani kukadiria upana wa kichwa. Mikono ilisimama mahali ambapo haikuwa na uhakika napo. Akaishusha.

Alimpigia simu bibi akaomba aongee na mtoto.

"Nikutumie nini sikukuu?"

"Chochote tu."

"Chochote kama nini, mama?"

"Chochote tu. Bibi huyu hapa."

"Chukua tableti," keshia alimshauri. "Mtoto gani anakataa tableti?"

"Rangi gani?"

"Mama yake si wewe?"

Kulikuwa na ya waridi, ya buluu na ya kijivu. Mizani alichukua ya kijivu, kwa kuwa hakuwahi kusikia mtu anayechukia kijivu. Akaiwasha, akagusa pembe zote nne za kioo, akagonga muhuri, akaifunga kama alivyowafungia wengine, wala hakuipendelea kwa karatasi.

Mzee Taratibu alimngoja mlangoni na toroli mbili alizozifunga pamoja kwa kamba.

"Nijiandae kwa kiasi gani, binti?"

"Usiniulize, mzee."

Aliandika *Kwa Mwanangu*, akapachika kadi. Matairi yalipasuka moja baada ya jingine, manane yote, vyuma vikalala chini, na vigae vinne vya sakafu vikazama kiasi cha kina cha sahani. Wateja walipita pembeni kwa adabu. Mama mmoja, aliyekuwa amechoka, aliweka mkoba wake juu ya lile boksi akatafuta miwani yake, akaipata, akaendelea na safari.

Basi la mizigo lilikataa kulipokea. Wakatafuta lori linalobeba mawe. Wabebaji wanane walifanya kazi kwa mbao na vyuma kuanzia saa saba mpaka saa kumi, na boksi lilipopanda, lori liliinama upande mmoja na kubaki hivyo. Dereva wa lori alizunguka akakagua springi, akarudi akijipangusa mikono.

"Kiti cha mbele kiko wazi, dada," alisema. "Mzigo wa namna hii kwa kawaida mwenyewe anaufuata."

"Kwa kawaida," alisema Mizani.

"Kesho mchana tumefika. Panda twende."

Mizani alishika kitasa cha mlango wa lori. Kilikuwa cha moto kwa jua. Alikuwa amevaa viatu vya kazini na hana hata mswaki, lakini hayo yangenunulika njiani. Alifikiri kwamba angefika, mtoto angesimama nyuma ya bibi, angemwangalia, na baada ya saa moja au siku nzima angesogea. Siku mbili zingetosha kwa kusogea. Alikuwa na hakika na kipimo hicho.

Mama Risiti alikuwa ametoka hadi kibarazani. Hakupaza sauti, hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alishika aproni ya duka ambayo Mizani alikuwa ameivua.

"Ukipanda, panda moja kwa moja," alisema. "Wanaoulizia nafasi yako ni wengi. Nitawafundisha kupima, wataharibu mwezi mmoja, wa pili watajua."

Nyuma yake, kwenye kioo cha duka, televisheni kumi na nne zilionyesha samaki walewale wakigeuka kwa wakati mmoja. Ada ya mtoto ilitoka kwenye kaunta ile, na sare, na viatu, na dawa ya presha ya bibi. Mizani aliachia kitasa.

"Mkifika, mlishushe polepole," alimwambia dereva. "Ndani kuna kioo."

Lori liliondoka limelala upande, na barabara ikabaki na mfereji mmoja wa tairi mpaka kwenye kona. Mizani akavaa aproni.

Siku ya sikukuu yenyewe duka lilifunguliwa mpaka saa sita, kwa ajili ya waliochelewa. Saa nne asubuhi simu ya Mizani ililia. Alikuwa mama yake, bibi wa mtoto.

"Imefika?"

"Imefika jana, mwanangu. Wanaume kumi na wawili wameishusha. Mlangoni ikawashinda, wakaiacha uani. Mimi nimeisukuma kwa bega, haikutikisika. Nikakaa juu yake nikalia kidogo, basi."

"Na mtoto?"

Kuku walisikika.

"Kaamka asubuhi, katoka uani, kaichukua."

"Kaichukua vipi?"

"Kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa na mswaki."

"Hakuhema?"

"Kama anainua kopo tupu. Kaifungua, kafurahi, kaniuliza inawashwa wapi. Sasa hivi yuko kwa jirani, anawaonyesha wenzake."

"Mbona nyinyi wakubwa imewashinda?"

"Wale wanaume wanakukumbuka, umekua mbele yao. Na mimi nakungoja." Bibi aliyasema haya bila lawama, kama mtu anayesema maji yamechemka. "Mtoto hangoji, mwanangu. Ameacha. Sikujua lini, ningekwambia."

Mizani alihamisha simu sikio la pili.

"Rangi kaipenda?"

"Hajasema."

Walipoagana, Mama Risiti alikuwa amesimama karibu na kabati la betri, na alikuwa amesikia yote. Alijigusa kidevu.

"Kumbe zikifika zinapungua."

"Inategemea, bosi."

"Inategemea nini?"

"Muda."

Mama Risiti alikwenda stoo, akakata ubavu wa boksi la televisheni, akaja na kalamu nene ya wino. Katika duka zima Mizani ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri, ule wa kushoto kwenda kulia bila kupanda wala kushuka, uliosifiwa darasani.

"Andika: Usiogope uzito, zawadi huwa nyepesi."

Mizani aliandika. Kwa kuwa hakuzoea kumdanganya mteja, aliongeza maneno mawili katikati. Bango likasomeka: USIOGOPE UZITO. AKIZOEA KUKUKOSA, ZAWADI HUWA NYEPESI. Mama Risiti alilisoma kwa makini, hakuona kosa, akamwambia alibandike mlangoni, pale juu ya toroli.

Alikuwa bado juu ya stuli, anabonyeza selotepu kwa dole gumba, alipoingia fundi wa kuchomelea vyuma, miwani ya kazi ikiwa imepandishwa kwenye paji la uso. Alisoma bango mara mbili, midomo ikitembea.

"Inachukua muda gani hiyo, dada?"

"Kwa wangu imechukua miaka mitatu."

"Aa, afadhali," alisema fundi, na mabega yake yakashuka kidogo. "Mimi nimebakiza mmoja tu." Akaomba aonyeshwe spika.